Ndugu akikwama ugenini: namna ya kufanya kazi na ubalozi ukiwa Mwanza

Binti aliyekwenda Oman kufanya kazi za ndani hapatikani kwa simu wiki ya pili sasa. Mfanyabiashara wa Makoroboi amezuiliwa Guangzhou na mzigo wake. Wavuvi wa Ukara wamekamatwa upande wa Uganda, wao na injini. Sebuleni swali la kwanza huwa "ubalozi wetu uko wapi?" Baada ya siku chache za kimya, swali hugeuka kuwa lawama: "ubalozi hausaidii."

Nimekaa na familia za aina hii, Kirumba, Igoma na hata Ukerewe, tukiandika barua na kutafuta namba za simu. Nilichojifunza ni kwamba afisa wa ubalozi anafanya kazi kwa taarifa na karatasi, na sehemu kubwa ya karatasi anazozihitaji haziko kwake. Ziko kwenu: kwenye sanduku la mama, Uhamiaji mkoa, kwa mtendaji wa kata, kwa wakala aliyemsafirisha mtu. Familia inayomfikishia vitu hivyo mapema humpa pa kuanzia. Mwongozo huu unaeleza mnavyovikusanya, mnakovipeleka na mnachostahili kudai.

Jua unayemwandikia

Kila ofisi yenye bendera yetu nje watu huiita ubalozi, lakini ziko za aina tofauti, na kukosea ofisi kunakula siku. Ubalozi wenyewe uko mji mkuu chini ya balozi, na shughuli yake kubwa ni mambo ya serikali kwa serikali. Humo ndani kuna dawati la huduma za kikonseli, yaani huduma kwa raia walioko nchi hiyo, na hilo ndilo lenu. Konseli kuu, ambayo wengi huiita ubalozi mdogo, huwekwa mji wenye Watanzania wengi au biashara kubwa hata kama si mji mkuu. Tanzania inazo Mombasa, Dubai, Jeddah, Lubumbashi na Guangzhou. Halafu kuna konsuli wa heshima: mara nyingi ni mfanyabiashara anayeishi nchi hiyo, amekubali kutuwakilisha kwa mambo machache. Anaweza kuwaunganisha na watu na kufika mahali haraka, ila mambo ya pasipoti na maamuzi mazito hubaki kwa ubalozi unaomsimamia.

Chagueni ofisi kwa kufuata mahali mtu alipo. Aliye Makka au Jeddah, anzieni Jeddah. Aliye Dammam au Riyadh, anzieni ubalozi wa Riyadh. Aliye Dubai au Sharjah ni wa konseli ya Dubai, aliye Abu Dhabi ni wa ubalozi uliopo hapohapo Abu Dhabi. Nchi isiyo na ofisi yetu huhudumiwa na ubalozi wa nchi nyingine: aliye Norway au Finland, kwa mfano, yuko chini ya ubalozi wa Stockholm, Sweden.

Angalieni pia kalenda na saa. Saudia na Oman hupumzika Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo Jumapili asubuhi, wakati ofisi za Mwanza zimefungwa, ofisi za serikali za huko zimefunguliwa. Saudia wana saa sawa na zetu, Dubai na Muscat wametutangulia saa moja, Guangzhou saa tano. Ukipiga Guangzhou saa tatu asubuhi ya Mwanza, kwao ni saa nane mchana. Ukisubiri mpaka umalize kazi zako, umekuta mlango umefungwa.

Sheria inampa afisa nguvu kiasi gani

Kazi za konseli duniani zinaongozwa na Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu uhusiano wa kikonseli, ulioanza kutumika mwaka 1967. Nchi nyingi sana zimo ndani yake, na mengi yaliyomo ni desturi inayofuatwa hata nje ya mkataba. Ibara ya 5 inataja kazi hizo: kulinda maslahi ya raia, kutoa pasipoti na hati za safari, kusaidia raia aliyekwama, kuthibitisha nyaraka na kusajili matukio ya maisha, kulinda watoto na wasiojiweza, kushughulikia mirathi ya raia aliyefia huko, kuwatafutia watu uwakilishi mahakamani, na kusaidia vyombo vya majini na mabaharia wake.

Ibara ya 36 ndiyo ningependa kila mzazi aijue. Inasema mgeni akikamatwa, askari wanapaswa kumwambia bila kuchelewa kwamba ana haki ya ubalozi wake kujulishwa, na akitaka, lazima waujulishe. Afisa wa konseli anaruhusiwa kwenda kumwona, kuongea naye, kuandikiana naye na kumtafutia wakili. Lakini mwenyewe akikataa kusaidiwa, afisa anaacha. Familia nyingi hushangaa wakiambiwa kwamba mtu wao, mtu mzima, amekataa au hajatoa ruhusa taarifa zake zitolewe. Afisa hawafichi kwa ubaya. Analinda haki ya mhusika.

Haki hii imeshapiganiwa mahakamani. Ahmadou Sadio Diallo, mfanyabiashara kutoka Guinea aliyeishi Kongo ya Kinshasa kwa zaidi ya miaka 30, aliwekwa kizuizini miaka ya 1995 na 1996 kisha akafukuzwa nchini. Guinea ikaishtaki Kongo kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague. Hukumu ya mwaka 2010 ilisema Kongo ilivunja Ibara ya 36 kwa kutomweleza Diallo haki yake. Kongo ilijitetea kwamba balozi wa Guinea alikuwa anajua habari zile kwa njia nyingine. Majaji wakasema hilo halitoshi, kwa sababu wajibu wa kumweleza mtu haki yake ni wa waliomkamata, na hawapaswi kungoja aombe. Mwaka 2012 mahakama ikaamuru Kongo ilipe dola 95,000. Wengi wanaotoka Mwaloni Kirumba kupeleka dagaa Kongo hawajawahi kuisikia kesi hii, na ni yao kabisa.

Sasa mipaka. Ibara ya 55 inamtaka afisa aheshimu sheria za nchi aliyopo na asiingilie mambo yake ya ndani. Hawezi kumtoa mtu jela, hawezi kusimama mahakamani kama wakili wake, hachunguzi jinai na haamrishi polisi. Ubalozi haulipi deni, faini, kodi ya nyumba wala bili ya hospitali kama jambo la kawaida. Haumtafutii mtu kazi, wala hauiombi nchi nyingine imbadilishie viza kwa sababu aliyonayo imekwisha. Na jengo la ubalozi si ardhi ya Tanzania, ingawa watu wengi wanaamini hivyo. Linalindwa, askari hawaingii ovyo, lakini mtu anayetafutwa na polisi akikimbilia humo hajafika Tanzania; akitoka nje ya geti sheria ya pale inamsubiri.

Ukijua mipaka hii utaomba kitu kinachowezekana. Ombi la "mtoeni" linamwacha afisa bila la kufanya. Ombi la "mtembeleeni, mtuambie ameshtakiwa kwa kosa gani, kesi inatajwa lini, na mtupatie orodha ya mawakili" linampa kazi nne ambazo yuko pale kuzifanya.

Kabla hajaondoka Mwanza

Sehemu hii wengi huipuuza, nami naihesabu kuwa nzito kuliko zote zinazofuata. Kabla ya safari, familia ibaki na bahasha moja nyumbani: nakala ya ukurasa wa picha wa pasipoti, nakala ya viza, namba ya NIDA, nakala ya cheti cha kuzaliwa, picha ndogo mbili, nakala ya mkataba wa kazi au barua ya chuo, na karatasi yenye jina la wakala, jina la mwajiri, mji, mtaa na namba zao za simu. Karatasi zilezile zipigwe picha na zitumwe kwa ndugu wawili. Simu hupotea, na pasipoti nyingi za wafanyakazi wa ndani huchukuliwa na mwajiri siku ya kwanza tu.

Kwa anayekwenda Ghuba, mkataba ndio roho ya safari. Hakikisheni wakala ana leseni ya serikali ya Tanzania, na mwulize Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania, TaESA, kama hamna hakika. Mkataba usomwe kwa lugha anayoielewa mwenye kusafiri, uonyeshe mshahara, siku ya mapumziko, nani analipa tiketi ya kurudi, na nani anagharamia mwili ukitokea msiba. Mkataba uliopita kwenye mikono ya ubalozi una maana ubalozi umeshamjua mwajiri kabla ya matatizo. Binti anayepitishwa kwa viza ya matembezi, kupitia mpaka wa jirani ili "kukwepa usumbufu", anafika huko bila mkataba unaotambulika, na ubalozi hauna rekodi hata ya jina lake. Hapo ndipo msaada unapochelewa zaidi.

Akifika, ajisajili ubalozini ndani ya wiki za mwanzo, kwa kwenda au kwa barua pepe. Aache jina kamili kama lilivyo kwenye pasipoti, anwani, namba ya simu na namba ya mtu wa kuarifiwa nyumbani. Halafu ajiunge na jumuiya ya Watanzania wa mji ule. Mara nyingi katibu wa jumuiya ndiye anayefika hospitali au kituo cha polisi kabla ya afisa yeyote, kwa sababu anaishi mtaa wa pili.

Siku ya kwanza ya tatizo: ukurasa mmoja

Kaeni chini, mchague msemaji mmoja. Kaka, shangazi na mume wakipiga simu kila mmoja na habari yake, afisa hubaki na hadithi tatu zisizolingana. Msemaji awe mtu mwenye simu inayopatikana na anayejua kuandika bila kuongeza chumvi.

Kisha andikeni ukurasa mmoja, si zaidi. Unaweza kuufuata mfano huu:

*YAH: OMBI LA MSAADA WA KIKONSELI KWA MTANZANIA ALIYEKO …*

*Mimi ni (jina, uhusiano, kata na wilaya, namba ya simu). Naomba msaada kwa ajili ya ndugu yangu (majina matatu kama yalivyo kwenye pasipoti), aliyezaliwa tarehe …, mwenye pasipoti namba … na namba ya NIDA ….*

*Aliingia nchini huko tarehe … kwa viza ya …, akifanya kazi kwa (jina la mwajiri, mji, mtaa, simu). Wakala aliyemsafirisha ni …, simu ….*

*Mara ya mwisho tuliwasiliana naye tarehe …, saa …, kwa simu namba …. Alituambia kwamba …. Tulichosikia kutoka kwa watu wengine ni …, na aliyetuambia ni ….*

*Tunaomba: (1) …, (2) …, (3) ….*

*Nimeambatisha nakala ya …*

Tenganisheni kile alichosema mwenyewe na kile mlichosikia kwa watu. Ukiandika "amefungwa miezi sita" kumbe ni uvumi wa kundi la WhatsApp, afisa atazunguka magereza yote wakati mtu yuko hospitali. Majina ndiyo yanayokwamisha kuliko yote: nyumbani anaitwa Neema, kanisani Elizabeth, pasipoti inasema kingine. Kituo cha polisi cha Muscat kitamtafuta kwa jina la pasipoti tu. Andikeni yote, mkianza na hilo. Kama mna sauti au ujumbe aliotuma, hifadhini. Msifute hata ule wa aibu.

Kupeleka na kufuatilia

Pelekeni ukurasa huo kwa barua pepe ya ubalozi, na siku hiyohiyo pigeni simu kuthibitisha kwamba umefika. Nakala iende Wizara ya Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki, iliyopo Mji wa Serikali Mtumba, Dodoma. Hamna haja ya kupanda basi kwenda Dodoma siku ya kwanza; barua pepe na simu zinatosha. Mkiwa na mashaka ya biashara ya watu, fungueni pia jalada polisi hapa Mwanza dhidi ya wakala, kwa sababu kosa lilianzia hapa na ubalozi hauna mamlaka ya kumkamata mtu aliyeko Nyamagana.

Mkipokelewa, ulizeni jina la afisa anayeshika shauri na lini mpige tena. Andikeni kwenye daftari tarehe, aliyepokea na alichosema. Ufuatiliaji wa adabu kila baada ya siku mbili tatu unasaidia kuliko simu kumi za hasira siku moja na kimya cha wiki mbili. Ukiona hakuna jibu kabisa, andika tena ukitaja tarehe za mawasiliano yaliyotangulia, na safari hii barua ianzie Wizarani na nakala iende ubalozini. Mbunge na ofisi ya mkuu wa wilaya nao wana nafasi yao hapo.

Kuna jambo linaloniumiza. Familia ikishaweka habari zake mtandaoni, hujitokeza mtu anayejiita "wa ubalozi", anaomba laki mbili au tatu kwa namba binafsi ya simu ili "aharakishe faili". Msitume. Malipo halali ya serikali yana namba ya kumbukumbu ya malipo na stakabadhi, na kumtembelea mtu aliyefungwa hakuuzwi.

Akiwa amekamatwa

Mfundisheni kila anayesafiri sentensi moja: "Mimi ni Mtanzania, naomba ubalozi wangu ujulishwe." Aiseme kwa askari wa kwanza, aiseme kwa hakimu, airudie. Asisaini karatasi kwa lugha asiyoielewa, aombe mkalimani.

Afisa akishafika kwake, mtazamie kupata mambo haya: uthibitisho kwamba yuko hai na hali yake kiafya, kosa analotuhumiwa, kituo au gereza alipo, tarehe ya kutajwa kesi, na majina ya mawakili wa pale. Afisa anaweza pia kulalamika rasmi iwapo mtu anapigwa, ananyimwa dawa au anatendewa tofauti na wafungwa wengine. Hatalipa wakili. Hiyo ni kazi ya familia, na ni vizuri mkae mapema mkubaliane mtachanga kiasi gani, kwa sababu wakili anayeanza tangu mwanzo wa kesi anaweza mengi kuliko wa kwenye rufaa. Kama ni kosa la dawa za kulevya, msidanganyane: nchi kadhaa za Asia na Ghuba zina adhabu ya kifo kwa kosa hilo, na ubalozi hauwezi kuifuta sheria yao. Unachoweza ni kuhakikisha kesi inaendeshwa kwa haki na kuomba msamaha kwa njia za kidiplomasia.

Usitegemee taarifa itafika yenyewe. Nchi zenye uwezo mkubwa nazo hushindwa: ndugu wawili Wajerumani, Karl na Walter LaGrand, walikamatwa Arizona, Marekani, mwaka 1982 bila kuelezwa haki yao ya kikonseli, wakauawa kwa hukumu ya kifo mwaka 1999, na Marekani ikaonekana na hatia The Hague mwaka 2001 wakati wao walishakufa. Familia ikisikia tu fununu ya kukamatwa, iarifu ubalozi wenyewe.

Wavuvi wanaozuiliwa upande wa pili wa ziwa

Ziwa Victoria halina uzio. Mtumbwi wa dagaa unaosukumwa na upepo usiku, karabai zikiwaka, unaweza kujikuta kwenye maji ya Uganda au Kenya bila nahodha kukusudia, na doria haiulizi nia. Makosa yanayotajwa ni kuingia bila kibali, zana zisizoruhusiwa au kuvua bila leseni ya nchi ile.

Hapa mfanye njia mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni ya ujirani: tajiri wa mtumbwi aende kwa viongozi wa BMU, yaani kikundi kinachosimamia mwalo (mahali mitumbwi inapotia nanga), kwa afisa uvuvi wa wilaya na polisi wanamaji, kwa sababu mara nyingi mialo ya pande mbili ina watu wanaofahamiana na mazungumzo huanza haraka. Ya pili ni ya kikonseli: ukurasa ule uende ubalozi wa Kampala au wa Nairobi, ukitaja majina ya wavuvi wote (vibarua pia, si nahodha tu), namba ya usajili wa chombo, aina ya injini, mwalo walikotoka, siku na saa ya kuondoka, na mahali mnapodhani walikamatiwa. Ambatisheni leseni ya uvuvi.

Shida kubwa ya wavuvi ni karatasi: wengi huingia majini bila kitambulisho chochote, wakihofia kukilowesha. Basi ubalozi hauwezi kuthibitisha kwamba ni Watanzania mpaka mtendaji wa kijiji aandike, picha zitumwe, Uhamiaji waulizwe. Kitambulisho cha taifa kikiwa kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri hufupisha hayo yote. Na kwa matajiri nasema hivi: mtumbwi wako ni mali, lakini barua ianze na watu. Nimeona barua zenye mistari mingi ya injini na neno moja tu kuhusu vijana waliokuwa ndani yake.

Binti wa kazi za ndani

Tatizo la kawaida ni pasipoti kuwa kwa mwajiri, mshahara kusimama, simu kunyang'anywa, au kipigo. Akiwa kwenye hatari ya mwili, aondoke aende kituo cha polisi au ubalozini moja kwa moja. Kama hali inavumilika kwa siku mbili tatu, ni heri ubalozi uarifiwe kabla hajatoroka. Sababu ni hii: katika nchi kadhaa za Ghuba kibali cha ukaazi kimefungwa kwa kafili, yaani mwajiri aliyemdhamini kuingia nchini. Mfanyakazi akitoroka, kafili huweza kumripoti kuwa mtoro, na hapo anakuwa mkosaji wa sheria za uhamiaji hata kama aliteswa. Malalamiko yaliyofika ubalozini kabla ya ripoti hiyo yana tarehe yake, na tarehe hiyo humtetea.

Afisa atampigia mwajiri na wakala wa huko, ataomba pasipoti irudishwe, atampeleka binti kwenye idara ya kazi kudai mishahara. Pasipoti ikikataa kutoka, atapewa hati ya dharura ya safari ya kurudia nyumbani, baada ya uraia wake kuthibitishwa. Ndipo ile bahasha mliyobaki nayo Mwanza inapofanya kazi. Tiketi ni ya mwajiri au wakala kwa mujibu wa mkataba. Kusipokuwa na mkataba, hubaki kwa familia. Sheria za Saudia, Qatar na Falme za Kiarabu zinakataza mwajiri kushikilia pasipoti ya mfanyakazi, kwa hiyo msikubali wakala awaambie ndivyo ilivyo.

Msiba

Mtu akifariki, ubalozi hupewa taarifa na mamlaka za pale kwa mujibu wa Ibara ya 37, lakini ikiwa mtu hakuwa na kitambulisho taarifa hukwama mochwari. Uamuzi wa kwanza ni wenu: mwili urudi au azikwe huko? Mjibu kwa barua iliyosainiwa na ndugu wa karibu, mkitaja nani anaidhinishwa kushughulikia. Familia ikigombana kati ya upande wa mke na upande wa wazazi, ubalozi husubiri, na mochwari inadai kwa siku. Kaeni kikao kimoja, mmalize.

Mwili ukirudi, zitahitajika cheti cha kifo cha nchi ile, cheti kwamba mwili umetiwa dawa na jeneza limefungwa ipasavyo, pasipoti ya marehemu na barua ya ubalozi. Cheti kikiwa kwa Kiarabu au Kichina, ombeni tafsiri iliyothibitishwa. Mtaihitaji baadaye kwa mirathi, benki na RITA. Ulizeni pia mapema kama gharama ya ndege inaishia Dar es Salaam au inafika Mwanza, maana kipande hicho cha mwisho ndicho husahaulika kwenye michango. Gharama zote hizi kwa kawaida ni za mwajiri, bima au familia. Kama kifo kina utata, semeni kabla ya mwili kuondoka ili uchunguzi wa daktari ufanyike kule. Baada ya kuzika Magu ni vigumu sana kurudi nyuma. Na ulizeni mshahara uliobaki na fidia ya kazini. Afisa anaweza kufuatilia fedha hizo zikaja kwa warithi.

Karatasi za kawaida

Pasipoti ikipotea, aende polisi apate taarifa ya upotevu, kisha ubalozini na nakala yake. Pasipoti mpya ya kielektroniki hudai alama za vidole, kwa hiyo lazima afike mwenyewe. Mtoto akizaliwa huko, asajiliwe mapema: kwa Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 mzazi Mtanzania wa kuzaliwa humrithisha mtoto uraia, ila mzazi ambaye naye aliupata kwa kurithi kutokana na kuzaliwa nje hamrithishi. Hati ya uwakilishi ya kuuza kiwanja cha Buhongwa, au cheti cha chuo cha kutumika hapa, hupitia muhuri wa mamlaka za kule kwanza ndipo wa ubalozi. Ukigeuza mpangilio utarudishwa.

Mgeni akikwama hapa kwetu

Kanuni hizi zinafanya kazi kwa pande zote. Mnunuzi wa dagaa kutoka Kongo aliyelazwa Bugando bila ndugu, au kijana wa Kenya aliyeko mahabusu Butimba, naye ana ubalozi Dar es Salaam unaopaswa kujulishwa akitaka. Ukiwa jirani yake, mwenye nyumba ya kulala wageni au dalali wa pale Mwaloni, mwulize kwanza kama anataka waarifiwe. Akikubali, piga picha ya pasipoti yake, andika ukurasa uleule, mtumie ubalozi wake, kisha mpigie mama yake kwa namba atakayokupa.